Somo la Neno Moja: "Magazine" na Udugu Wake na Hazina



Mwezi uliopita, tulipotoka katika ibada ya asubuhi, alinijia kijana mmoja wa parishi yetu aliyemaliza mafunzo ya JKT. Mkononi alikuwa na nakala ya gazeti hili. Akaniamkia, kisha akaweka kidole juu ya maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa chini ya jina la gazeti, yale yasemayo "parish magazine". Akasema, "Mwalimu, kule kambini tulifundishwa kwamba magazini ni kile kikasha cha chuma kinachotiwa risasi, kisha kinachomekwa kwenye bunduki. Sasa kanisa linatoa magazini ya nini? Tunampiga nani?"

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini nilipofika nyumbani nikatambua kwamba nilicheka tu, sikumjibu. Tena ni aibu kidogo, maana nimefundisha Kiingereza shuleni miaka mingi na neno hilo nimeliandika ubaoni mara nyingi nisijiulize limetoka wapi. Basi nimerudi kwenye kamusi zangu, na haya ndiyo niliyoyakuta. Namwomba kijana huyo ayapokee kuwa jibu lake, ingawa limechelewa.

Jambo la kwanza, neno "magazine" si la Waingereza kwa asili. Ni la Waarabu. Kiarabu kina kitenzi khazana, maana yake kuweka kitu akiba, kukihifadhi. Katika lugha hiyo, ukitaka kutaja mahali pa kutendea jambo, mara nyingi unatia sauti ya "m" mwanzoni. Sisi Waswahili tunaujua mtindo huo ingawa hatuutambui: tuna kitabu, na mahali pa vitabu ni maktaba, tuna darasa, na mahali pa kusomea ni madrasa. Vivyo hivyo, mahali pa kuwekea akiba Waarabu hupaita makhzan, na pakiwa pengi ni makhazin. Nadhani msomaji ameanza kusikia mlio anaoufahamu. Kutoka katika mzizi ule ule wa khazana tumepata neno letu hazina.

Kwa hiyo "magazine" ya Kiingereza na hazina ya Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja, ila walilelewa katika nyumba mbalimbali. Mmoja alisafiri na majahazi ya pepo za kaskazi, akashuka Lamu, Mombasa na Unguja, akapanda bara pamoja na misafara. Mwingine alivuka Bahari ya Kati pamoja na wafanyabiashara wa Italia waliokuwa wakipakia viungo na nguo katika bandari za Waarabu. Waitalia wakaliita magazzino, Wafaransa wakaliita magasin, na katika karne ya 16 likafika Uingereza. Kisha, baada ya miaka mia kadhaa, ndugu hawa wawili wakakutana hapa Babati, juu ya jalada la gazeti moja, wasijuane.

Wala si hao tu walioachana njiani. Sukari yetu na "sugar" ya Waingereza ni mambo hayo hayo. Sifuri imezaa "zero". Na lile neno "tariff", ambalo wafanyabiashara wetu hulichukia kwa sababu ni habari za ushuru, asili yake ni moja na neno letu taarifa. Mtu akikuambia Kiswahili ni lugha ya kuazima tu, mwambie na Kiingereza pia kiliazima, tena mara nyingine katika nyumba ile ile.

Maana ya kwanza ya "magazine" kwa Kiingereza, basi, ilikuwa ghala. Ghala la kitu chochote: nafaka, mvinyo, nguo. (Na ghala nalo ni neno la Kiarabu, kwao ghalla ni mazao ya shamba, sisi tukalichukua liwe nyumba ya kuyawekea.) Wafaransa hawakuishia kwenye ghala. Mwenye ghala alipofungua mlango na kuanza kuuza, wakaliita duka kwa jina lile lile, na hata leo magasin kwao ni duka. Warusi nao wakalifuata hivyo hivyo. Ndugu zetu wa Kongo, kwa kuwa walitawaliwa na Wabelgiji wenye kusema Kifaransa, wanasema magazini wakiwa na maana ya duka. Miaka kadhaa iliyopita tulipata mgeni kutoka upande huo, mtumishi wa kanisa, akalala kwangu siku mbili. Asubuhi akamwuliza mwanangu, "Magazini iko wapi?" Mtoto, kwa heshima zote, akamletea gazeti la kanisa. Mgeni akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakaa kulisoma. Hata mchana ndipo tulipojua kwamba alikuwa akitafuta sabuni ya kunyoa.

Waingereza walikwenda njia nyingine. Kwao vita vya baharini vilikuwa vingi, na ghala lililohitaji kutajwa kila siku lilikuwa ghala la baruti. Katika meli za kivita chumba hicho kilijengwa chini kabisa, mbali na moto, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia na taa isiyofunikwa. Basi "magazine" ikawa hasa ghala la baruti na silaha. Karne ya 19 zilipotengenezwa bunduki zinazoweza kufyatua risasi nyingi bila kujazwa kila mara, kile kikasha cha kuwekea risasi nacho kikaonekana ni ghala dogo, kikapewa jina hilo. Hiyo ndiyo magazini ya kijana wetu wa JKT. Hakufundishwa vibaya. Alifundishwa mlango mmoja wa nyumba yenye milango mingi.

Ghala la namna hii sisi Watanzania tumeshaona linavyoweza kuwa. Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha ya jeshi pale Mbagala, Dar es Salaam, yalilipuka, na tarehe 16 Februari 2011 ikawa hivyo tena Gongo la Mboto. Kila mara walikufa watu zaidi ya ishirini, mamia wakajeruhiwa, watoto wakapotezana na wazazi wao katika mbio, na nyumba nyingi zikabomoka. Mara ya pili hata uwanja wa ndege ulifungwa kwa muda. Wengi wetu hapa Babati tuna ndugu katika sehemu hizo, na tunakumbuka jinsi tulivyopiga simu tusipate jibu. Nayataja kwa sababu kijana alipouliza swali lake kwa mzaha, nyuma yangu alisimama mama mmoja ambaye hakucheka. Ghala ni neno la upole mpaka ujue kilichomo ndani.

Sasa tuje kwenye karatasi. Imekuwaje neno la ghala likawa jina la gazeti?

Hapa yatupasa tumfikirie mwandishi wa karne ya 17. Vitabu vilikuwa ghali, na mtu aliyekusanya elimu ya mambo mengi katika kitabu kimoja alijiona kama mwenye ghala: ndani yake mnunuzi atapata habari za ubaharia, nyingine za hesabu, nyingine za dawa. Basi wengine wakaanza kuviita vitabu vyao "magazine" kwa mfano tu. Kisha mwaka 1731 mpiga chapa mmoja wa London, Edward Cave, akaanza kutoa kila mwezi kitabu chenye habari mchanganyiko, nyingi zikiwa zimekusanywa kutoka magazeti mengine, akakiita The Gentleman's Magazine. Maana yake hasa ni Ghala la Muungwana. Kilinunuliwa sana, na wengine wakaiga jina. Samuel Johnson, yule aliyeandika kamusi kubwa ya Kiingereza ya mwaka 1755, alipokuwa hana kitu alipata mkate wake kwa kumwandikia Cave. Tangu hapo mfano ukasahauliwa ukawa ni mfano, neno likabaki.

Wenzake nao wana visa vyao. Neno gazeti latoka kwa Waitalia wa Venice. Gazeta kwao ilikuwa sarafu ndogo, na karatasi ya habari iliuzwa kwa sarafu hiyo moja. Jina la bei likawa jina la kitu. Ni kana kwamba sisi tungesema "nipe jero la habari". Na jarida, ambalo vijana siku hizi wanalipenda kwa sababu lina sauti ya kisomi, kwa Kiarabu lilikuwa tawi la mtende lililokwanyuliwa majani yake, baadaye orodha iliyoandikwa, na mwisho karatasi ya habari. Kwa hiyo Jumapili ya Matawi, watoto wanapoingia kanisani wakipunga makuti, ukipenda waweza kusema wamekuja na majarida.

Magazeti ya parishi yana historia yake katika Kanisa letu la Anglikana. Mwaka 1859 padre mmoja wa mji wa Derby, John Erskine Clarke, alianza kutoa Parish Magazine. Ilikuwa na kurasa zilizochapwa kwa ajili ya parishi zote, na kila parishi ikaongeza zake za nje: ratiba za ibada, majina ya waliobatizwa, waliooana na waliozikwa, na hesabu ya sadaka. Utaratibu huo ukaenea upesi sana, kwa sababu parishi maskini haikuhitaji kuandika yote, iliandika yake tu.

Hapa kwetu kazi hiyo haikungoja karne nzima. Wamisionari wa UMCA walikuwa na mtambo wa kupiga chapa Unguja tangu siku za Askofu Steere, na vijana wa pale misheni walifundishwa kupanga herufi. Mwaka 1888 likatoka Msimulizi, gazeti la Kiswahili. Katika miaka ya 1890 likafuata Habari za Mwezi kule Magila. Ndani yake walimu na wanafunzi waliandika mambo ambayo wakati ule yalionekana madogo: nani amehamishwa kituo, mvua imekuwaje, njaa iko wapi, mechi ya mpira ilikwishaje. Leo wanahistoria wanasafiri kwenda kuzisoma karatasi hizo, kwa sababu ni mahali pachache Waafrika wa wakati ule, baadhi yao waliookolewa utumwani, wanasikika wakisema kwa midomo yao wenyewe. Hao wapanga herufi, naamini, hawakujua kwamba walikuwa wakijaza ghala.

Turudi sasa kwa yule ndugu wa pili, hazina, maana yeye ndiye tunayekutana naye kila Jumapili.

Katika Agano Jipya la Kiyunani neno lake ni thesauros, na lina maana tatu pamoja. Ni vitu vya thamani vyenyewe. Ni sanduku la kuvitia, kama Mamajusi walipofungua hazina zao mbele ya mtoto (Mathayo 2:11). Tena ni chumba cha kuwekea, kama katika mfano wa mwenye nyumba atoaye humo mambo mapya na ya zamani (Mathayo 13:52). Tazama basi: ghala, kikasha, na vilivyomo. Ni maana zile zile ambazo "magazine" ya Kiingereza imezipitia, ingawa maneno yenyewe hayana uhusiano wa damu. Na ile aya ya mwenye nyumba mimi naihesabu kuwa maelezo bora kuliko yote ya kazi ya mhariri wa gazeti. Mhariri atoaye mapya tu amekuwa mbeba habari za mtaani, na atoaye ya zamani tu wasomaji watamfungia vitumbua.

Katika Mathayo 6:19 Bwana anatuonya tusijiwekee hazina duniani, mahali penye nondo na kutu. Lile neno lililofasiriwa kutu, kwa Kiyunani lina maana ya kula tu, ulaji. Wafasiri wengi wamelichukua kuwa kutu ilayo chuma, na si vibaya. Lakini mkulima wa Babati asingehitaji kufasiriwa. Yeye anamjua dumuzi. Mdudu huyo asili yake ni Marekani ya Kati, akaonekana mara ya kwanza Afrika huko Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo ameingia karibu kila kihenge cha mahindi. Unafungua gunia miezi minne baada ya mavuno, unakuta unga ambao hukuusaga.

Na kuna mlaji mwingine asiye na meno. Mwaka 2017 watu wa wilaya yetu walikuwa wamejaza mbaazi maghalani. Mnunuzi mkuu alikuwa India, na mwezi wa Agosti mwaka ule India ikaweka kikomo cha mbaazi zitakazoingia kutoka nje. Bei ikaanguka vibaya. Mbaazi zenyewe zilikuwa nzima, hazikuguswa na mdudu, ila thamani yake ndiyo iliyoliwa, gunia likiwa limefungwa vile vile. Wapo waliokuwa wamepanga kulipa ada kwa zile mbaazi. Nilipokuwa nikifundisha somo hili katika kikundi cha nyumba kwa nyumba, baba mmoja alisema kwamba hapo ndipo alipomwelewa yule tajiri wa Luka 12 aliyetaka kuvunja ghala zake ajenge kubwa zaidi. "Mimi sikuwa tajiri," akasema, "lakini hesabu zangu usiku zilikuwa kama zake."

(Nitie jambo moja hapa, halafu niliache. Neno la Kiyunani lililotumika kwa ghala la tajiri yule ni apotheke. Nalo lilisafiri kama "magazine": kwa Wajerumani limekuwa duka la dawa, kwa Wafaransa limezaa boutique, na kwa Wahispania bodega. Yaonekana binadamu hawezi kuwa na ghala muda mrefu bila kuweka kaunta mlangoni.)

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya niandike mwezi huu na si mwezi ujao. Halmashauri ya parishi itakapokutana itaulizwa kama tuache kulichapa gazeti hili, tuwe tunalituma kwa simu tu. Sababu zilizotolewa ni za kweli. Karatasi imepanda bei, wino umepanda, na mtunza hazina wetu (tazama, naye ni wa ukoo huo huo!) ametuonyesha kwamba nakala zinazouzwa hazirudishi gharama. Vijana wanasema kila mtu ana simu. Sitaki kuwabishia kwa ukali, kwa sababu mimi mwenyewe habari nyingi nazipata katika simu.

Lakini naomba tulipime jambo hili kwa maana ya neno tuliyoiona. Habari iliyoko katika simu husomwa, hucheka mtu, hupelekwa kwa mwingine, na simu ikijaa hufutwa. Simu ikiibwa stendi, imekwenda nayo. Mwaka juzi familia moja ya hapa ilihitaji kuthibitisha tarehe ya ndoa ya wazazi wao, marehemu wote wawili, kwa ajili ya shauri la mirathi. Cheti kilikuwa kimepotea. Jambo lilikwama majuma mengi, mpaka bibi mmoja alipofungua sanduku lake la bati, akatoa nakala ya zamani ya gazeti la kanisa, imekuwa ya rangi ya chai, panya wamekula pembe moja. Majina yalikuwamo, na tarehe, na jina la padre aliyewafungisha. Karatasi hiyo haikuwa cheti, lakini iliwaambia wapi pa kutafuta katika daftari, na wakapata. Watoto wale wakabaki na shamba lao.

Huyo bibi hana simu ya kupokea gazeti. Hajui hata kusoma; alikuwa akisomewa na mjukuu. Alilitunza kwa sababu ndani yake mliandikwa jina la mwanawe siku ya kipaimara.

Pendekezo langu kwa halmashauri ni hili: tutume kwa simu kwa wanaotaka, na tupunguze idadi ya nakala za karatasi, lakini tusiziache. Hata zikiwa hamsini tu: moja kwa kila kikundi, zilizosalia kwa wazee, na mbili zikae katika kabati la ofisi pamoja na daftari za ubatizo na ndoa. Kurasa za majina zisiondolewe kwa kisingizio chochote. Kama ni lazima kupunguza, yapunguzwe makala marefu kama haya yangu.

Kuhusu maneno yale ya Kiingereza juu ya jalada, wengine wamependekeza yafutwe. Mimi sina neno. Ila kama tutatafuta jina la Kiswahili la kuweka mahali pake, hatuna haja ya kwenda mbali, tumeshalipata.

Mwisho, ombi. Katika kabati la ofisi nakala za zamani ni chache mno, na miaka mingine haina hata moja. Aliye nazo nyumbani, chini ya godoro, ndani ya sanduku, au hata alizofungia vyombo, azilete kwa katibu wa parishi. Zitapigwa picha na kurudishwa kwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Ofisi hufunguliwa Jumanne na Ijumaa, saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana. Kijana wetu wa JKT amekubali kufanya kazi ya kuzipiga picha.